Nani Atairudisha Sauti ya Kompyuta?

Leo nazungumzia nakala rudufu, ile ambayo mitaani tunaiita bekapu, na nazungumzia hasa bekapu ya mtumiaji wa kompyuta asiyeona. Ushauri wa kutunza nakala umetolewa mara nyingi, na kila aliyewahi kupoteza kazi ya miaka anaujua: weka mafaili yako mahali pengine, usitegemee diski moja. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kwa asiyeona ushauri huo unaishia nusu ya njia. Kunakili mafaili si tatizo lake kubwa, kwa sababu wakati wa kunakili kompyuta ni nzima na inasema naye. Tatizo linaanza siku kompyuta imekufa na inabidi ianzishwe upya. Siku hiyo kuna kipindi kirefu kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na neno la kwanza litakalotoka kwenye spika, na kipindi hicho chote ni kimya. Anayeona anasoma maandishi kwenye kioo, anachagua, anaendelea. Asiyeona hana kitu. Kwa hiyo nasema, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba nakala ambayo mwenyewe hawezi kuirudisha bila macho ya mtu mwingine bado haijawa mali yake, na kwamba kimya hicho kinaweza kupunguzwa sana hapa hapa Dar es Salaam kwa vifaa na maarifa yaliyopo.

Tuanze na jinsi asiyeona anavyotumia kompyuta. Anatumia programu iitwayo kisoma skrini, ambayo hugeuza maandishi ya kwenye kioo kuwa sauti, na badala ya kipanya anaendesha kila kitu kwa kibodi. Kwa miaka mingi kisoma skrini kilichotawala kilikuwa JAWS kutoka Marekani, na leseni yake ni ya mamia ya dola, bei ambayo kwa mwalimu au mwanafunzi wa Tanzania ni mlima. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu ya bure, NVDA, na baadaye akaungana na mwenzake James Teh, naye asiyeona. Leo NVDA inatumika dunia nzima bila malipo, na ndani yake imo sauti ya eSpeak NG ambayo inajua Kiswahili. Si sauti tamu, ni ya mashine, inakwaruza kidogo, lakini inasoma haraka na aliyeizoea anaielewa kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Hayo ni mapinduzi makubwa. Mwanafunzi asiyeona ambaye zamani angehitaji msomaji wa kulipwa ili apate kitabu chake, leo anafungua faili na kusikiliza. Mwanasheria anaandika hati zake, mwalimu anaandaa mitihani, mtumishi wa ofisi anajibu barua pepe. Maisha ya kazi ya watu hawa yamo ndani ya mashine zao kwa kiwango kikubwa kuliko ya wengi wetu, kwa kuwa hawana daftari la pembeni la kuandika kwa kalamu na kulisoma kesho.

Sasa, kisoma skrini ni programu kama programu nyingine. Kinaishi ndani ya Windows, na Windows isipowaka nacho hakipo. Ukurasa ule wa mwanzo unaotokea kabla Windows haijaanza, ambao mafundi wanauita BIOS, ndipo unapoiambia kompyuta iwake kwa flashi badala ya diski yake. Kwenye kompyuta nyingi tunazonunua, ukurasa huo hausemi neno. Menyu ya kuchagua pa kuwakia, kimya. Hata ile hali ya dharura ambayo Windows huiwasha ikiwa na vitu vichache tu ili irekebishwe, kwa kawaida haiwashi sauti. Dunia ilionjeshwa jambo hili tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilipoangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Viwanja vya ndege vilisimama, benki zilisimama, na tiba kwa mashine nyingi ilikuwa mtu aende mbele ya kila moja, aiingize katika hali ya dharura, afute faili moja, aiwashe tena. Kazi ya dakika chache kwa mwenye macho. Msimamizi wa mitambo asiyeona, hata awe bingwa kiasi gani, alikuwa anajua dawa na hana njia ya kuifikisha mdomoni mwa mgonjwa. Ujuzi wake wote ulikwama kwenye kioo cha bluu kisichosema.

Hapa kwetu kimya hicho kina mtu anayekijaza, naye ni fundi. Mkazi wa katikati ya jiji, iwe Ilala, Upanga, Gerezani au Jangwani, kompyuta ikigoma anaipeleka Kariakoo. Kuna maduka yanayouza laptopu mpya na za mtumba, na pembeni yake kuna meza za mafundi wenye bisibisi, nyaya na mafurushi ya flashi. Fundi anaitazama mashine, anasema imekula virusi au mfumo umeharibika, na suluhisho la kawaida ni moja: kupiga Windows upya. Kazi hiyo inafanyika kwa haraka na kwa bei ambayo watu wanaimudu, na siidharau hata kidogo. Bila mafundi hawa kompyuta za mtumba zingekuwa takataka na nusu ya biashara ndogo za jiji zisingekuwa na mashine. Tena shughuli hii imeongezeka, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Wamiliki wanatafuta njia, na njia zote zinapita mezani kwa fundi.

Lakini tuangalie kwa makini fundi anafanya nini anapookoa data. Anaangalia kilichopo kwenye dawati la kompyuta, anaangalia folda ya nyaraka, picha na vilivyopakuliwa, anavihamisha, halafu anafuta diski. Anaokoa kinachoonekana. Kwa mteja anayeona hilo linatosha karibu siku zote. Kwa asiyeona, mipangilio ya kisoma skrini chake inakaa kwenye folda iliyofichwa ndani ya akaunti yake ya Windows, folda ambayo fundi hana sababu ya kuifungua. Humo ndimo ilimo kasi ya sauti aliyoichagua, kamusi ya matamshi aliyoijenga neno kwa neno ili mashine isiyakosee majina ya Kiswahili, vifungo vya mkato alivyojitengenezea na viongezi alivyopakua. Kama anatumia JAWS, kuna pia leseni, ambayo ina kikomo cha mara ngapi inaweza kuamilishwa. Mafaili yanarudi yote, fundi anasema kazi imekwisha, na ni kweli kwa jinsi alivyoijua kazi. Mteja anarudi nyumbani na mashine safi isiyoweza kumwambia lolote.

Kuna jambo jingine dogo kwa sura ambalo nadhani ndilo lenye uzito kuliko yote. Baada ya kupiga Windows, mara nyingine kifaa cha sauti hakitambuliki mpaka iwekwe programu yake maalumu, ile draiva. Fundi anajaribu kioo kinawaka, intaneti inashika, kibodi inaandika. Sauti anaweza kuiacha, kwa kuwa kwa wateja wengi sauti ni ya muziki na filamu, itawekwa baadaye. Kwa asiyeona kompyuta isiyo na sauti ni sawa na kompyuta ambayo kioo chake kimevunjwa kwa nyundo. Hakuna fundi ambaye angemkabidhi mteja laptopu yenye kioo cheusi na kumwambia kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo kipimo cha kumaliza kazi kinapaswa kubadilika: mashine ya mteja asiyeona haijatengemaa mpaka imesema, na isemee pale pale mezani, mteja akiwa ameshika kibodi.

Najua litakuja swali, na ni swali la haki. Mbona sote tunamtegemea fundi? Watu wangapi wanaoona wanajua kupiga Windows wenyewe? Ni wachache, kweli. Tofauti iko katika kusimamia. Mteja anayeona, hata asipojua lolote, anasimama nyuma ya fundi na kutazama. Anaona folda gani imefunguliwa. Anaona picha zake za harusi zikipita. Anaweza kusema, hapo hapo ndugu yangu, hiyo usifute, ndiyo ya ofisi. Fundi akiuliza kama sehemu ya pili ya diski nayo ifutwe, mteja anaona imeandikwa nini na ina ukubwa gani kabla ya kujibu. Asiyeona anajibu swali hilo hilo kwa kubahatisha, na kosa la hapo halina marekebisho. Tena kuna habari za faragha. Mwanasheria ana siri za wateja wake, mwalimu ana alama za wanafunzi, mtu wa kawaida ana vyeti vya hospitali na barua za familia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unataja faragha katika ibara yake ya 22. Simtuhumu fundi yeyote kwa upekuzi. Ninachosema ni kwamba uaminifu wa fundi ni jambo jema, na uwezo wa mwenye mali kujua kinachofanyika kwenye mali yake ni haki, na hilo la kwanza haliwezi kushika nafasi ya hili la pili.

Wengine watasema dawa ni kuweka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni, kompyuta ikifa unanunua nyingine, unaingiza nywila, mambo yamerudi. Nakubaliana nao kwa sehemu, na sehemu hiyo ni kubwa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Mbele ya misiba ya namna hiyo data ni jambo dogo, lakini matukio hayo yanatufundisha kwamba nakala iliyowekwa kwenye droo chini ya kompyuta yenyewe itaondoka pamoja na kompyuta. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, aliyatungia mambo haya kanuni nyepesi ya kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Hifadhi ya mtandaoni ndiyo hiyo ya mbali, na kwa asiyeona ina faida ya pekee, kwa sababu hakuna flashi ya kupotea wala diski ya kuangushwa na mtu aliyepita. Lakini haitoshi peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikapata intaneti ya kuchechemea. Anayehitaji kurudisha data siku kama hiyo hana pa kwenda. Hata siku njema, bando la kurudisha kumbukumbu za miaka kumi si la bei ndogo. Na juu ya yote hayo, hifadhi ya mtandaoni inarudisha nyaraka tu. Hairudishi mfumo. Ili uingize nywila kwenye kompyuta mpya, kompyuta hiyo kwanza iwe inasema.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ushauri ambao ni kinyume na ule unaotolewa kwa watu wote. Mwenye macho huambiwa asijisumbue kutunza picha kamili ya diski, yaani nakala ya mfumo wote na programu zake. Atunze mafaili, mengine yatasakinishwa upya. Kwa asiyeona picha kamili ya diski ndiyo nakala yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ikirudi inarudi na sauti yake, kamusi yake, leseni yake, kila kitu mahali pake. Hata chaguo la Windows la kuanza upya huku likihifadhi mafaili yako, ambalo watu hulipenda kwa urahisi wake, huondoa programu ulizosakinisha, na kisoma skrini ulichokisakinisha nacho ni mojawapo. Shida ni kwamba picha kamili kwa kawaida inarudishwa kwa kuwasha kompyuta kupitia flashi ya uokoaji, na flashi nyingi za namna hiyo hazisemi. Mtu ametunza nakala bora kabisa, na mlango wa kuifikia ni bubu.

Njia ya kuukwepa mlango huo ipo, na inafaa mazingira ya Kariakoo kuliko mahali pengi. Kompyuta ingali nzima na inasema, mwenyewe ananunua diski ya pili, anaiunganisha kwa waya wa USB, na kwa kutumia programu inayosomeka na kisoma skrini anahamishia humo diski yake yote jinsi ilivyo. Diski hiyo anaiweka kwa ndugu au mahali pengine salama, na kila baada ya muda anairudia. Siku ya balaa, ikiwa kilichoharibika ni diski au mfumo, anampelekea fundi mashine na ile diski ya akiba, na kumwomba jambo moja: fungua skrubu, toa hii, weka hii. Fundi hahitaji kupiga Windows wala kufungua folda ya mtu. Mashine inawaka na kuanza kusema kwa sauti ile ile ya jana. Zipo laptopu nyembamba za siku hizi ambazo diski yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haitoki, kwa hiyo kabla ya kununua ni vizuri kuuliza, na mimi ningemshauri mnunuzi asiyeona azikwepe hizo hata kama ni nyepesi na nzuri.

Asiye na uwezo wa diski ya pili anaweza kufanya kidogo na bado kikawa kingi. NVDA ina nafasi ya kutengeneza nakala yake inayobebeka, ikakaa kwenye flashi pamoja na mipangilio yote ya mwenyewe, na ikafanya kazi kwenye kompyuta nyingi za Windows bila kusakinishwa. Hedifoni za USB zinasaidia pale kadi ya sauti ya ndani isipotambuliwa, kwa kuwa Windows kwa kawaida inazijua bila draiva ya ziada. Na karatasi moja iliyochapwa kwa wino, iliyoandikwa kwa ajili ya fundi, inaweza kuokoa mengi: kwamba mteja huyu haoni, kwamba kisoma skrini kisiondolewe, kwamba sehemu fulani ya diski isiguswe, kwamba Windows ikishaanza abonyeze kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na Enter ili Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows yenyewe, kiamke, halafu ampe mteja kibodi. Naiona karatasi hiyo kuwa mgawanyo wa kazi wenye heshima kwa pande zote. Fundi anafanya kazi yake mpaka sauti itokee. Kuanzia hapo mashine ni ya mwenyewe, na mwenyewe anaamua nini kirudi wapi.

Isidhaniwe kwamba kimya hiki ni sheria ya maumbile, kwamba kompyuta iliyougua haiwezi kusema. Apple waliweka kisoma skrini chao, VoiceOver, ndani ya mfumo wa kompyuta zao tangu mwaka 2005, na kinaamshwa hata katika sehemu ya uokoaji. Debian, mfumo huria unaotengenezwa na watu wa kujitolea wasio na mtaji wa kampuni kubwa, hutoa mlio pale flashi yake ya kusakinishia inapokuwa tayari. Asiyeona anabonyeza herufi s na Enter, na usakinishaji wote unaendelea kwa sauti, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Microsoft nao wamefika: Narrator inaweza kuamshwa wakati wa kusakinisha Windows, mradi kifaa cha sauti kimetambuliwa. Mradi. Neno hilo ndilo linalobakiza asiyeona mlangoni, pamoja na zile nakala za Windows zilizopunguzwapunguzwa ili ziwe nyepesi, ambazo mara nyingi kinachokatwa kwanza ni vitu ambavyo aliyekata hakuvihitaji mwenyewe. Lakini ushahidi umetosha. Kama watu wa kujitolea waliweza kuifanya flashi iseme, basi ukimya wa BIOS na wa flashi za uokoaji ni uamuzi wa watengenezaji, na uamuzi unaweza kubadilishwa ukidaiwa.

Kuna wanaosema kompyuta yenyewe inapitwa na wakati, kwamba wasioona wa Dar es Salaam wanatumia simu, na simu zina visoma skrini vyake, TalkBack au VoiceOver, tangu 2009, na zinajihifadhi zenyewe mtandaoni. Kwa mawasiliano na malipo, sawa. Lakini hakuna anayeandika tasnifu ya kurasa mia mbili kwa kidole kwenye kioo cha simu, wala kuandaa hesabu za ofisi. Anayesema simu zinawatosha wasioona ajiulize kama angekubali simu imtoshe yeye kazini kwake. Simu ina nafasi nyingine hapa, na ni nafasi nzuri: kamera yake. Programu ya Be My Eyes, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2015, inamuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayeona kupitia kamera, na siku hizi hata akili bandia inaweza kusoma picha ya kioo cha BIOS na kukisimulia. Anayefanya hivyo nyumbani kwake, kwa wakati wake, ameshapunguza safari moja ya kwenda kwa fundi. Inahitaji bando, na inahitaji kamera ishikwe sawasawa, na bado ni macho ya kuazima. Naipokea kama msaada wa njiani.

Pingamizi ninalolichukua kwa uzito zaidi ni la wafanyabiashara, nalo linasemwa kwa adabu: wateja hawa ni wachache, nani atajifunza mambo yote haya kwa ajili ya mmoja anayekuja mara moja kwa miezi? Jibu langu la kwanza ni kwamba wanachohitaji kujifunza mafundi ni kidogo mno, vifungo vitatu vya kibodi na desturi ya kujaribu sauti kabla ya kukabidhi mashine. Jibu la pili ni kwamba gharama huwa kubwa pale jambo linapokuja mwishoni. Ibara ya 9 ya mkataba ule ule nilioutaja inazitaka nchi kuhimiza teknolojia ifikiwe na wote tangu hatua za mwanzo za usanifu, kwa gharama ndogo. Nasi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na pa kujifunzia papo: kituo cha mafunzo ya ufundi cha VETA cha Chang'ombe hakiko mbali na soko la Kariakoo, wala Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam haiko mbali. Mwanafunzi wa ufundi wa kompyuta anayefundishwa kusakinisha mfumo anaweza kufundishwa kwa saa moja kuusakinisha kioo kikiwa kimezimwa, kwa kusikiliza tu. Baada ya saa hiyo hatasahau kwamba sauti ni kioo cha mtu.

Na kuna mahali ambapo mabadiliko yanaweza kuanza hata kabla ya mitaala kuguswa, napo ni kwenye ununuzi. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko hapo Ilala, Buigiri kule Dodoma, Irente kule Lushoto, ni shule zenye watoto wasioona. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka vifaa vya TEHAMA katika shule zenye wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na wafadhili nao hupeleka. Kompyuta zikifika kuna sherehe ya makabidhiano na visoma skrini vimeshawekwa. Mwaka unaofuata mashine tatu zimepata virusi vya flashi, moja imekula umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo, na mwalimu wa TEHAMA, ambaye pengine naye haoni, hana namna ya kuzifufua. Zinawekwa kabatini. Hili linazuilika kwa mistari michache kwenye mkataba wa ununuzi: kila kompyuta ije na diski inayotoka, ije na nakala kamili ya mfumo wake kwenye diski ya akiba, ije na flashi ya uokoaji inayosema, na mzabuni asilipwe mpaka mwalimu asiyeona wa shule hiyo ameiua mashine moja mbele yake na kuifufua mwenyewe. Chama cha Wasioona Tanzania na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wana sauti ya kutosha kuyadai hayo mezani kwa wanunuzi wa umma, na kuyadai kabla zabuni haijatangazwa, wakati bei ya kuyaweka bado ni bei ya flashi moja na jioni moja ya kazi.